Kura Zilizohesabiwa na Kura Zilizosimuliwa: Utangulizi wa Historia ya Chaguzi za Zanzibar

Januari 1961, jimbo la Chake Chake kisiwani Pemba lilikwenda kwa Afro-Shirazi Party kwa kura 1,538 dhidi ya 1,537. Kura moja tu. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na viti 22 vya kugombewa. Kwa kiti hicho ASP ikafikisha viti 10, Zanzibar Nationalist Party, ambayo wengi wakiiita Hizbu, ikabaki na 9, na ZPPP ya Mohamed Shamte ikapata 3. Angebadili nia mpiga kura mmoja wa Chake Chake, ASP na Hizbu wangebadilishana nafasi. Kisha ZPPP yenyewe ikagawika: Shamte na mwenzake wakaenda upande wa Hizbu, Ali Sharif Mussa akaenda upande wa ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja. Serikali haikuundika, uchaguzi ukaitishwa tena Juni mwaka huohuo, na fujo zilizozuka siku ya kupiga kura na siku zilizofuata zikaua watu 68.

Kisa hiki kinajulikana. Utakisikia barazani na utakisoma vitabuni, tena kwa maneno yanayofanana. Lakini muulize msimulizi ile 1,537 ameitoa wapi, na mara nyingi atakutajia mzee aliyemsimulia, au kitabu ambacho nacho kimeitoa katika kitabu kingine. Kazi yetu inaanzia hapo. Namba ya uchaguzi ina mtu aliyeitangaza, ina siku aliyoitangaza, na ina jumla ambayo imekatwa humo. Ukivikosa vitu hivyo vitatu, ulichonacho ni fununu yenye tarakimu.

Utangulizi huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu ya chaguzi za Zanzibar, mwalimu wa historia anayeandaa somo, mwandishi wa habari anayehitaji aya mbili za nyuma ya pazia kabla ya saa ya kupeleka habari chumba cha uhariri, na yeyote aliyechoka kubishana bila karatasi mkononi. Karibuni nyote. Uwanja si mkubwa. Chaguzi zote za Visiwani, kuanzia ule wa kwanza wa 1957, zinaweza kuorodheshwa katika ukurasa mmoja. Ugumu uko katika kuujaza ukurasa huo kwa namna ambayo msomaji wa Wete na msomaji wa Makunduchi, wenye mapenzi tofauti ya siasa, watakubali kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotangazwa, na kilichobishaniwa kimeandikwa kuwa kilibishaniwa.

Tuanze na mstari wa kwanza wa jedwali, ambao unaonekana mwepesi kuliko yote. Julai 1957, viti sita. Waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, tena kwa masharti ya umri, elimu au mali. Wanawake walisubiri mpaka 1961. Utaratibu wenyewe ulitokana na mapendekezo ya Walter Coutts ya mwaka 1956, aliyeshauri daftari moja la wapiga kura wa makabila yote badala ya kila jamii kuwa na lake. Hizbu haikupata kiti hata kimoja. Ng'ambo, Abeid Amani Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani kwa kura 3,328 kwa 918. Mpaka hapo hakuna ugomvi.

Sasa jaza safu ya vyama. Vitabu vingine vitakuambia Afro-Shirazi ilipata viti vitano kati ya sita, vingine vitatu. Nimeona watu wakirushiana maneno makali juu ya jambo hili, kila mmoja akimshuku mwenzake kwamba anapotosha kwa makusudi. Hakuna anayepotosha. Viti vitatu vya Unguja vilichukuliwa na watu waliosimamishwa na umoja wa Waafrika na Washirazi. Viti viwili vya Pemba vilichukuliwa na Mohamed Shamte na Ali Sharif Mussa, waliosimama kwa nguvu ya Washirazi wa Pemba na kujiunga na wenzao wa Unguja baada ya kura kuhesabiwa. Cha sita, cha Mji Mkongwe, kilikwenda kwa mgombea wa jumuiya ya Waislamu wenye asili ya Bara Hindi. Anayeandika tano anaangalia waliokaa pamoja barazani baadaye. Anayeandika tatu anaangalia walivyosimama siku ya kura. Kwa historia ya uchaguzi mimi nachagua tatu, kwa sababu mpiga kura wa Pemba hakuwa na njia ya kujua mtu wake angekwenda wapi mwezi uliofuata. Lakini anayechagua tano namheshimu, mradi aandike chini ya jedwali kwamba amechagua na kwa nini. Na kumbuka kwamba mwishoni mwa 1959 Shamte na Ali Sharif walitoka tena na kuanzisha ZPPP. Ukiziweka zile tano kama ngome ya kudumu ya chama kimoja, uchaguzi wa 1961 hutauelewa hata kidogo.

Wazee wanakiita kipindi cha 1957 hadi 1963 zama za siasa, na ndicho kipindi chenye karatasi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wakoloni waliandika sana. Wasimamizi wa uchaguzi walitoa ripoti zenye idadi ya walioandikishwa, waliojitokeza, kura zilizoharibika na matokeo ya kila jimbo. Fujo za Juni 1961 zilichunguzwa na tume iliyoongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton, na ripoti yake ilichapishwa. Nyaraka hizi utazipata Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na nakala nyingine ziko Kew, London. Pembeni yake soma magazeti: Mwongozi, lililoelekea Hizbu na ambalo Ali Muhsin mwenyewe aliwahi kuwa mhariri wake, na Afrika Kwetu, lililosimama na upande wa Afro-Shirazi. Usiyasome ili kupata idadi ya kura. Yasome ili ujue kila upande ulidhani unapigania nini, jambo ambalo ripoti ya msimamizi haiwezi kukuambia. Michael Lofchie, katika kitabu chake cha 1965 juu ya chimbuko la Mapinduzi, aliyakusanya matokeo ya kipindi chote hicho, na wengi waliokuja nyuma yake wamemnukuu yeye. Msomeni, lakini msiishie kwake. Ripoti ya serikali ya kikoloni nayo ina macho yake: ilikuwa hodari wa kuhesabu karatasi, na ikawagawa watu kwa makabila kama kwamba kila mmoja alizaliwa na lebo shingoni.

Juni 1961 ina mtego ambao hunasa hata waandishi wazuri. Ukilinganisha kura za ZPPP za Januari na za Juni utaona zimepungua, na utashawishika kuandika kwamba chama kilipoteza mvuto. Kwa kweli ZPPP na Hizbu walikuwa wameshakubaliana kuachiana majimbo. Pale aliposimama mmoja, mwenzake hakusimama. Kura zilipungua kwa sababu chama kiligombea sehemu chache zaidi. Jedwali lisiloonyesha nani alisimama wapi litakudanganya hata kama kila tarakimu iliyomo ni sahihi. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza safu ya idadi ya majimbo yaliyogombewa na kila chama. Ni safu ya kuchosha kuijaza, na wahariri wa majarida huifuta kwa madai kwamba hakuna anayeisoma.

Uchaguzi wa Julai 1963 ndio wa kufundishia. Viti viliongezwa hadi 31. ASP ilipata asilimia 54.2 ya kura na viti 13. Hizbu ilipata asilimia 29.8 na viti 12, ZPPP asilimia 15.9 na viti 6. Wawili hawa kwa umoja wao wakawa na viti 18 na kuunda serikali chini ya Shamte kama Waziri Mkuu. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba, Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Mwanafunzi akiona 54.2 kando ya 13 huruka haraka na kusema uchaguzi uliibwa. Mwingine, wa upande wa pili, huruka vilevile na kusema sheria ilifuatwa, basi hakuna la kuzungumza. Wote wawili wameacha kuuliza kura za ASP zilikaa wapi. Zilirundikana Unguja, mjini na kandokando yake, ambako mgombea wake alishinda kwa maelfu ya kura zisizo na kazi tena. Wapinzani wake walishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo. Katika mfumo wa kila jimbo mshindi mmoja, jambo hili linaweza kutokea bila mtu kugusa sanduku, na linaweza pia kusaidiwa na mwenye kuchora mipaka. Ili ujue ni lipi kati ya hayo, utahitaji idadi ya walioandikishwa katika kila jimbo mojamoja, si jumla ya Visiwa. Mjadala wa 1963 utaendelea. Ninachoomba ni uendelee juu ya majimbo 31 na si juu ya namba mbili.

Baada ya hapo jedwali linakuwa jeupe. Kuanzia 1964 Baraza la Mapinduzi lilishika kutunga sheria na kutawala, na Wazanzibari hawakuchagua viongozi wa serikali yao kwa kura mpaka Katiba ya 1979 ilipoleta Baraza la Wawakilishi, lililokutana kwa mara ya kwanza Januari 1980. Wapo wanaoanza historia yao ya uchaguzi mwaka 1995 na kuiruka miaka thelathini yote. Msifanye hivyo. Mstari mtupu wenye maelezo ya kwa nini ni mtupu ni sehemu ya historia. Tena si mtupu wote. Rais wa Zanzibar alipigiwa kura ya Ndiyo au Hapana mwaka 1980 (Aboud Jumbe), 1984 (Ali Hassan Mwinyi, baada ya Jumbe kujiuzulu), 1985 (Idris Abdul Wakil) na 1990 (Salmin Amour). Mgombea alikuwa mmoja, chama kilikuwa kimoja, na hata hivyo mwaka 1985 kura za Ndiyo hazikufika theluthi mbili. Katika mfumo ambao tisini na kitu kwa mia ilikuwa kawaida, hilo ni tukio. Hapana ya Pemba ya 1985 inaeleza mengi ya yale yaliyokuja kuonekana mwaka 1995, na anayeanzia 1995 atadhani yalishuka kutoka mbinguni.

Tunafika sasa kwenye vyama vingi, ambako karatasi zimejaa na imani imepungua. Kitu cha kwanza cha kumweleza mgeni ni kwamba Mzanzibari anayeingia kituoni hupigia kura mamlaka mbili. Rais wa Muungano na mbunge husimamiwa na tume ya Muungano, ambayo kwa miaka mingi iliitwa NEC na sasa ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani husimamiwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC. Mitandaoni utakuta matokeo ya urais wa Muungano yaliyopigwa Zanzibar yamenakiliwa kama matokeo ya urais wa Zanzibar. Ni kosa la kizembe, na dawa yake ni kuandika jina la tume kando ya kila matokeo. Sharti la makazi nalo lilikuwa na uzito wake: ili uandikishwe na ZEC ulitakiwa uwe umekaa katika jimbo kwa muda uliowekwa na sheria, na muda huo umebadilika. Kwa hiyo idadi ya wapiga kura wa daftari moja haiwezi kuchukuliwa kuwa ndiyo ya jingine.

Mwaka 1995 ZEC ilimtangaza Salmin Amour wa CCM mshindi kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Seif Sharif Hamad wa CUF. Tofauti ni 1,565. Katika Baraza, CCM ilipata viti 26 na CUF 24, na kati ya hivyo 24, viti 21 vilikuwa vyote vya Pemba. CUF ilikataa matokeo ya urais, na waangalizi wa kimataifa walieleza kutolingana kwa hesabu katika ujumlishaji. Mwandishi afanye nini? Katika safu ya matokeo aandike kilichotangazwa, kwa tarakimu kamili. Katika maelezo aandike nani alikataa, lini, na kwa hoja gani, na waangalizi waliona nini, kila kundi kwa jina lake. Asiandike "inadaiwa" bila kumtaja anayedai. Neno hilo limekuwa kichaka cha wengi wetu.

Nawaomba pia mfanye mazoezi ya mgawanyo. Mwaka 2010 walioandikishwa walikuwa 407,658 na waliopiga kura 364,924. Dk. Ali Mohamed Shein alipata 179,809, Maalim Seif 176,338. ZEC ilitangaza asilimia 50.1 kwa 49.1. Chukua kikokotoo, gawa 179,809 kwa 364,924, utapata 49.3. Umegundua wizi? Hapana. Asilimia rasmi imepigwa kwa kura halali, baada ya kutoa zilizoharibika, zilizokuwa zaidi kidogo ya elfu sita. Palipo na tofauti ya kura 3,471 tu kati ya wagombea, kura elfu sita zilizoharibika si jambo dogo, na jedwali lisilozitaja halijakamilika. Nimewahi kuona mjadala mzima wa redio ukiendeshwa juu ya asilimia mbili tofauti za uchaguzi mmoja, kila upande ukiwa na ya kwake, na wote wakiwa sahihi.

Mipaka ya majimbo ni eneo ambalo wengi hulikwepa kwa sababu halina jazba. Pemba ilikuwa na majimbo 21 mwaka 1995 na 2000. Kabla ya uchaguzi wa 2005 yakapunguzwa hadi 18, na ya Unguja yakaongezwa, jumla ikabaki 50. Mwaka 2015 yakawa 54. Mwaka 2020 yakarudi 50. Kwa hiyo sentensi kama "CUF ilipoteza viti vitatu Pemba kati ya 2000 na 2005" ni ya kuogopwa: viti vyenyewe havikuwapo tena. Jina la jimbo linaweza kubaki huku shehia zake zikihamishwa, au shehia zikabaki na jina likabadilika. Anayetaka kufuatilia eneo moja kwa miaka mingi ashuke chini ya jimbo, afuate shehia na vituo, kisha ajenge upya jimbo lake. Ni kazi ya subira, na ndiyo kazi ninayoiona ina thamani kuliko kuchora ramani za kijani na rangi nyingine ambazo huonyesha jimbo lote la rangi moja hata pale mshindi alipopita kwa kura thelathini.

Kuna chaguzi mbili ambazo hazitaki kuingia katika mstari mmoja, nazo ndizo mtihani wa mwandishi.

Ya kwanza ni ya 2000. Kura zilipigwa 29 Oktoba, lakini katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi uchaguzi ulivurugika na kurudiwa tarehe 5 Novemba, CUF ikiwa imesusia marudio hayo. Amani Abeid Karume akatangazwa kwa asilimia 67. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola walikosoa vikali na kutaka uchaguzi urudiwe Visiwa vizima. Januari 2001 maandamano ya kupinga yalikabiliwa kwa risasi, watu wakauawa, wengine wakakimbilia Shimoni nchini Kenya. Ile asilimia 67 ni jumla ya siku mbili zenye mazingira mawili. Ukiiweka kando ya 53.2 ya Karume mwaka 2005 na kusema umaarufu wake ulishuka, umelinganisha vitu visivyolingana. Weka majimbo yaliyopiga kura Oktoba peke yake, na yale 16 peke yake, kisha toa jumla rasmi. Na usisahau chaguzi ndogo za Pemba za Mei 2003, zilizojaza viti vya CUF vilivyotangazwa wazi baada ya wenyewe kususia vikao. Hizo zimesahauliwa karibu na kila orodha niliyoipitia.

Ya pili ni ya 2015. Kura zilipigwa 25 Oktoba. Maalim Seif aliita waandishi wa habari na kutoa hesabu za chama chake zilizoonyesha ameshinda. ZEC iliendelea kutangaza, na ilikuwa imefika majimbo 31 kati ya 54 pale mwenyekiti wake, Jecha Salim Jecha, alipotokea kwenye televisheni tarehe 28 na kusema uchaguzi wote umefutwa. Uchaguzi ukarudiwa 20 Machi 2016, CUF ikasusia, majina ya waliosusia yakabaki kwenye karatasi za kura, na Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Wakati huohuo kura za Rais wa Muungano na wabunge, zilizopigwa na watu walewale siku ileile, hazikufutwa. Wabunge wa Zanzibar waliapishwa kwa kura za 25 Oktoba.

Orodha nyingi huandika Machi 2016 peke yake, kwa hoja kwamba uchaguzi uliofutwa si uchaguzi. Kisheria hoja ina mashiko. Kihistoria haina. Watu waliandikishwa, walijipanga foleni, walihesabiwa, na majimbo 31 yalitangazwa na mamlaka iliyokuwa na haki ya kutangaza. Basi ziwe mistari miwili. Ule wa Oktoba 2015 ubebe yale ya majimbo 31 kama yalivyotangazwa, na neno "umefutwa" pamoja na tarehe na jina la aliyefuta. Hesabu za CUF ziwekwe katika maelezo, zikiwa na mwenyewe, kwa kuwa hazikutangazwa na Tume. Ule wa Machi 2016 ubebe matokeo rasmi na idadi ya waliojitokeza. Msomaji akifungua ukurasa huo hatahitaji kuambiwa afikiri nini. Niliwahi kuandamwa na watu wa pande zote mbili kwa kupendekeza mpangilio huu, nami bado nausimamia.

Ushahidi wa mdomo una kiti chake hapa, lakini si kiti cha mhasibu. Kumbukumbu za Ali Muhsin Barwani, masimulizi ya Ali Sultan Issa na ya Seif Sharif Hamad yaliyokusanywa na Thomas Burgess mwaka 2009, na kitabu cha Harith Ghassany cha 2010 kuhusu Mapinduzi, vyote vina mambo ambayo hakuna fomu ya matokeo inayoweza kuyabeba: nani alimwendea nani usiku, kwa nini fulani aliachiwa jimbo, hofu ilikuwa na sura gani. Mgombea hukumbuka vizuri sababu za kushindwa kwake na hukumbuka vibaya idadi ya kura zake. Muulizeni la kwanza. Na mnapowarekodi wazee wa zama za siasa, ambao kila mwaka wanapungua, waulizeni pia mambo madogo: kituo kilikuwa skuli gani, foleni ya wanawake ilikuwa upande gani, alama ya chama kwenye karatasi ilikuwa ipi, nani aliwasomea wasiojua kusoma. Maswali ya aina hii huwatoa watu katika hotuba na kuwarudisha katika siku yenyewe.

Kuhusu waangalizi: ripoti za TEMCO, za Jumuiya ya Madola, za Umoja wa Ulaya na za SADC ni hazina, lakini someni sehemu ya mbinu kabla ya hitimisho. Kundi lililotembelea vituo kadhaa mjini kwa siku moja na kundi lililokaa wilayani tangu uandikishaji hayawezi kupewa uzito sawa, hata kama sentensi zao za mwisho zinafanana. Na pale ripoti mbili zinapopingana juu ya kituo kilekile, andikeni zote mbili. Tamaa ya kutafuta wastani baina ya mashahidi ni ya wanahesabu; haitufai.

Kwa anayetaka kuanza kesho, sipendekezi aanze na 1963 wala 2015, ambako kila mtu amesimama. Mwaka 2020, ambapo Hussein Ali Mwinyi alitangazwa kwa asilimia 76.27 na Maalim Seif kwa 19.87, na uchaguzi wa Oktoba 2025 uliomrudisha Mwinyi, bado nyaraka zake zinaendelea kupatikana na zitahitaji muda. Kazi iliyo wazi ni ile ya 1980 hadi 1990: matokeo ya Ndiyo na Hapana kwa wilaya, majina ya waliopendekezwa na kukatwa na vikao vya chama kabla hawajafika kwa mpiga kura, na chaguzi za kwanza za wawakilishi. Gazeti Rasmi la Serikali ya Mapinduzi lipo, magazeti ya Dar es Salaam ya miaka hiyo yapo maktaba, na waliokuwa makarani wa vituo mwaka 1985 wengi wao bado wanatembea kwa miguu yao. Chukueni wilaya moja, tuseme Micheweni, na mwaka mmoja, na jedwali lenye safu nne: kilichotangazwa, aliyekitangaza, tarehe, na mahali karatasi ilipo leo. Safu ya nne ndiyo itakayowachukua muda mrefu kuijaza.